Harufu ya Fundi wa Lifti

Baada ya mazishi, wifi wa mjane alifua kila kitu cha marehemu. Nia ilikuwa njema, hilo halina ubishi, ila ilikuja na sabuni nyingi mno. Mashati, makoti, hata ovaroli ya kazini, vyote vilirudi kabatini vikinukia malimao, utadhani mwenyewe, fundi wa lifti, hakuwahi kuvivaa. Mjane alichomoa shati moja baada ya jingine, akanusa, akakaa kitandani. Mumewe hakuwemo tena.

Zilibaki chupa tatu juu ya kabati la vyombo. Zilikuwa wiski za Uskoti, zile za shayiri iliyokaushwa kwa moshi wa udongo mkavu wa kinamasi unaochomwa kama kuni. Marehemu na mdogo wake, kinyozi, walikuwa wakizilinganisha Jumamosi mezani pale, wakibishana kama mawakili, kisha mume huja kumwinamia mkewe shingoni na pumzi yake ya moshi. Pumzi hiyo ndiyo aliyoitaka sasa. Akiijua chupa yake, atadondosha matone kwenye mto wa kulalia, huenda akapata usingizi.

Akamwita kinyozi.

"Ni ipi aliyoipenda?"

Kinyozi alikuna kichwa. "Shemeji, usinitie matatani. Leo anaisifia hii, kesho anaiponda. Kaka hakuwa na msimamo hata kidogo."

"Basi mimina zote. Nitaijua mwenyewe."

Mjane hakuwa mnywaji. Alishika glasi ya kwanza kwa mikono miwili, akafumba macho. Moshi ulikuwemo, lakini wa jikoni, wa sufuria iliyosahauliwa motoni. Siyo. Ya pili ilinuka hospitali, bandeji na iodini.

"Hii ndiyo tamu yenyewe," alisema kinyozi.

"Tamu kwa kidonda."

Ya tatu ilikuwa na lami na chumvi kwa mbali. Akatikisa kichwa, kisha akasita. Lami? Labda. Akairudia ya kwanza, akaikuta na utamu ambao sasa hivi tu haukuwepo. Akairudia ya pili. Hospitali ilikuwa imehama, imekwenda glasi ya tatu.

"Umezibadilisha?"

"Sijazigusa, shemeji. Ndivyo zilivyo. Weka maji kidogo."

Aliweka maji, mambo yakazidi kuvurugika. Kinyozi akacheka kidogo, akamwambia pua imechoka, ainuse ngozi ya mkono wake ipumzike, kaka alikuwa akifanya hivyo. Mjane akanusa mkono. Malimao.

Akafumba macho tena kuitafuta harufu ya mumewe, ile aliyoamka nayo kichwani asubuhi bila chupa yoyote. Haikuwepo. Kulikuwa na lami, bandeji na sufuria, vyote vikisukumana kichwani, na katikati yake hapakuwa na mtu. Aliogopa kwelikweli. Asubuhi alikuwa naye, na sasa hakujua hata anachokitafuta.

"Vipi, umeipata?" aliuliza kinyozi.

Aliuliza kwa sauti ndogo, na hapo ndipo mjane alipogundua kwamba kinyozi naye hakuwa ameonja tone tangu mazishi. Angemwambia nini? Kwamba amempoteza kaka yake hapa hapa mezani? Aibu ikamshika. Akanyoosha kidole popote, kikaangukia glasi ya katikati.

Kinyozi akaiinua, akanusa. Akanusa tena, glasi akiikumbatia kwa mikono miwili.

"Ndiye," alisema. "Shemeji, ndiye kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kumsahau."

Mjane akamtazama asielewe. Je, alikuwa amebahatisha? Au shemeji yake anaamini tu kwa kuwa ameonyeshwa glasi? Ukweli akaubakiza moyoni. Akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa.

"Nieleze," alimwambia. "Polepole. Ananukiaje?"