Tani Ishirini Kwenye Mteremko wa Haraz

Mabasi ya kwenda mji wa Amol yalikuwa yamesitishwa kwa sababu ya theluji. Ndiyo maana Turan Khanom, aliyekuwa ameapa kwamba hapandi lori la mkwewe hata afungwe kamba, asubuhi ile alikuwa amekaa kiti cha mbele, chupa ya chai mapajani. Mpwa wake anaolewa huko kesho. Nyuma yao, kwenye tela, kulikuwa na tani ishirini za vigae.

Mkwe mwenyewe, Mahrokh, alikuwa ameushika usukani tangu mumewe, Siavash, alipoumia mgongo. Kileleni, kabla ya mteremko wa Haraz, alisimamisha lori akashuka. Akafunga minyororo kwenye matairi, akafungua matangi ya upepo wa breki kutoa maji, yasije yakaganda kwenye mabomba yake. Alirudi kope zimejaa theluji.

"Umemaliza kuoga?" Turan Khanom akauliza. "Mwanangu hakuwa akisimama hapa."

"Mwanao ndiye aliyenifundisha kusimama hapa, mama."

Akaingiza gia ya tatu. Lori likaanza kuteremka, injini ikinguruma na kulizuia. Kasi ilipopanda, Mahrokh aligusa breki hadi kasi ikashuka, kisha akaachia kabisa. Kushoto ukuta wa mwamba. Kulia korongo, na mto chini kabisa.

"Bi harusi atajifungua hatujafika! Kanyaga basi!"

"Nikanyage mafuta au breki?"

"Vyote!"

Mahrokh akacheka. "Nikizikalia breki njia nzima zitaungua, mama. Zikishaungua, hata ukizisimamia kwa miguu yote miwili, hatusimami."

Pikapu moja ikawapita kwa fujo. Kijana akatoa kichwa dirishani: "Dada, jiko liko upande ule!"

Turan Khanom akashusha kioo. "Jiko la mama yako, mpumbavu wee!"

Mahrokh alikuwa bado anamkodolea mama mkwe macho ya mshangao kona ilipofunguka. Theluji ilikuwa imeporomoka mlimani na kuziba barabara. Basi dogo lilikuwa limekaa mshazari, ile pikapu imekwama pembeni yake, abiria wamezagaa barabarani, wengine na watoto mgongoni.

Mguu wake ulitaka kuirukia breki. Akauzuia. Matairi yakijifunga kwenye barafu, tela litajikunja liwafagie wote. Akagusa, akaachia. Gia ya pili. Injini ikapiga kelele. Akagusa tena, na breki, zilizokuwa bado baridi, zikashika. Kwenye kioo akaliona tela likianza kuserereka. Akaachia, lori likanyooka, akagusa.

"Ya Abolfazl, tuokoe!" Turan Khanom akalia.

"Simama, mnyama wee, simama!" Mahrokh akalifokea lori.

Lori likasimama. Kati ya bampa na basi ilibaki nafasi ya kupita punda mmoja, asiye na mzigo.

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko kama wendawazimu. Mara honi ikalia juu mlimani. Lori jingine!

Kabla Mahrokh hajavuta hendibreki, mama mkwe alikuwa ameshuka. Alikimbia kupanda kona, akijibana kwenye mwamba, amevua shali yake nyekundu anaipunga, anapiga mayowe: "Polepole! Kuna watu huku!" Mahrokh akatia kabari chini ya matairi, akamfuata mbio.

Lori lile lilisimama hatua thelathini kutoka kwenye shali, breki zikifuka moshi. Dereva, mzee mwenye sharubu, akashuka amejishika kifua.

"Mama, nani kakupa kazi ya trafiki?"

"Dereva wangu huyu hapa. Mkwe wangu!" Turan Khanom alikuwa akihema. "Na wewe, breki zako zinanuka. Kaa hapa zipoe, hutoki mpaka yeye akuruhusu."

Mzee akamwangalia Mahrokh, akainamisha kichwa. "Nasubiri amri, dada."

Katapila lilifungua njia saa nane mchana. Mahrokh akaingiza gia ya tatu. Pembeni yake Turan Khanom, kiatu kimoja kimepotelea kwenye theluji, alikuwa akiimba kwa sauti mbaya ajabu.