Joho la Mchekeshaji

Babu yangu ndiye aliyeshona joho la mchungaji wa kwanza wa kanisa letu. Baba yangu aliyashona ya watatu waliofuata, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba kitambaa chake kilipungua hata upana wa kidole mikononi mwake. Mimi nikashona ya wawili. Ndani ya kola ya kila joho, pale inapogusa shingo, ukoo wetu huacha msalaba mdogo wa uzi mwekundu, usiozidi punje ya mchele. Waumini hawauoni. Huuona anayelivaa, sisi tulioshona, na Mungu.

Siku moja niliuona msalaba huo kwenye televisheni.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, nami nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi jirani na karakana yangu. Mchekeshaji aliyevuma siku zile alikuwa jukwaani, katika ukumbi wa mji wetu, amevaa joho jeusi. Aliuinua mkate kwa mikono miwili, akatazama juu kwa macho ya upole, akaumega, kisha akauliza, "Mwili ndio huu. Nani amebeba pilipili?" Ukumbi ukaangua kicheko. Akageuza kola ajifute jasho, picha ikamsogelea, nikaiona punje yangu nyekundu. Lilikuwa joho la mchungaji wetu marehemu. Wanawe walikuwa wamegawa nguo zake bila kuzitazama.

Kinyozi naye alikuwa akicheka. Aliponiona kwenye kioo, mkono wake ukasimama.

"Samahani, mzee. Si utani tu?"

Niliondoka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu.

Kesho yake nilisimama kanisani nikiwa hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Mchungaji alinipa nafasi wakati wa matangazo, maana nilikuwa mzee wa kanisa. Nilisema sentensi moja: "Nyumba inayoucheka msalaba haistahili kusimama." Nilitarajia amina ya kutikisa madirisha. Wazee waliitika. Lakini safu ya besi katika kwaya, alikokaa mwanangu, ilinyamaza kimya. Vijana wale hawakutazamana hata kidogo. Nilidhani ni heshima.

Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na miwili, tukifanya kazi pamoja. Jumatano, bila kuinua macho kwenye cherehani, aliniuliza:

"Baba, lile pazia la ukumbi ulilishona kwa kitambaa gani?"

Ni kweli, pazia la jukwaa la ukumbi ule lilikuwa kazi yangu, kubwa kuliko zote nilizopata kuzifanya. Fahari ikanijaa. Nikamweleza kwamba ni pamba tupu, tabaka mbili, na kwamba linaburuzika sakafuni hadi karibu na mlango wa nyuma, ambao wenye ukumbi hawakujali kuutia kufuli.

"Pamba tupu," akarudia.

"Tupu. Wengine wangekuchanganyia nailoni."

Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kusafisha cherehani. Niliinama chini ya meza ya kukatia nichukue mtungi wa mafuta ya taa. Haukuwapo. Palibaki duara tu kwenye vumbi. Mwanangu alikuwa ameniaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, lakini nilipochungulia dirishani, mlango wa kanisa ng'ambo ya barabara ulikuwa umefungwa. Onyesho la mchekeshaji lilianza saa tisa kila Jumamosi. Nikalikumbuka swali lake, kisha maneno yangu, moja baada ya jingine, kama mtu anayefumua mshono na kuona jinsi ulivyoshikana.

Nilikimbia. Mtu wa heshima zangu hakimbii barabarani. Watu walinipisha wakidhani nimepata msiba.

Mlango wa nyuma ulifunguka bila sauti. Mwanangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya pazia, mtungi kati ya magoti, kiberiti ndani ya ngumi. Upindo wa pazia ulikuwa umekwisha kulowa. Upande wa pili walicheka watu wapatao mia mbili, na katikati ya vicheko hivyo niliitambua sauti ya kinyozi wangu.

"Ondoka, baba," akanong'ona.

"Nipe hicho kiberiti."

"Si ulisema haistahili kusimama? Ulisema mbele ya kanisa zima."

"Nilisema."

"Ulikuwa unamtetea Mungu, au ulikuwa unapiga domo tu?"

Hakuwahi kunijibu hivyo maishani. Mkono wangu ulikwisha kuinuka, ukabaki hewani. Si jina la Mungu lililoninyanyua kwenye kile kiti cha kinyozi. Ilikuwa sindano yangu. Kazi ya ukoo wangu ilichekwa, nami nikaivika hasira yangu vazi takatifu.

Kumpokonya kiberiti juu ya kitambaa kilicholowa kungekuwa kukiwasha mwenyewe. Kupiga kelele kungewarundika watu wote kwenye mlango mmoja wa mbele.

"Nakwenda kukaa mstari wa kwanza," nikamwambia. "Sasa unajua nilipo."

Nikazunguka, nikaingia kwa mbele, nikaketi. Mchekeshaji aliniona mara moja.

"Karibu, mzee wetu! Umekuja kutubu, au kunitoa pepo?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Harufu ya mafuta ilikuwa ikipenya chini ya pazia. Nikasimama, na ukumbi ukatulia ukingoja ugomvi.

"Kola ya joho hilo imefumuka upande wa kushoto," nikasema. "Mimi ndiye niliyelishona. Lilete Jumatatu nilirekebishe."

Wakacheka tena, lakini kicheko kikafifia njiani. Mchekeshaji akaipapasa kola. Nikaketi na kulitazama pazia. Mkunjo mmoja ukatikisika. Nikafumba macho. Kisha nikasikia mlango wa nyuma ukirudishwa taratibu, kama unavyorudishwa mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jumatatu mchekeshaji alikuja. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Aliketi nikishona, akauliza ule msalaba mdogo ni wa nini, nikamweleza. Wiki iliyofuata alitutania tena, mkate ule ule na pilipili ile ile, ila kwa joho jingine. Pazia niliomba nilifue mwenyewe. Nililifua mara nne, na harufu haikutoka yote.

Mwanangu yule ndiye baba yenu, anayewaongoza katika sala kila jioni, na ambaye mpaka leo hashiki kiberiti; mama yenu ndiye humwashia jiko.

Jana mlinionyesha kwenye simu msichana anayeigiza maombi yetu kwa kubweka. Niliumia, sitawaficha. Mkanitaka Jumapili nisimame niseme neno, kwa kuwa watu hunisikiliza. Wajukuu zangu, najua kwamba hunisikiliza. Ndiyo maana sitasimama. Mtafuteni msichana huyo, mwulizeni hali yake, na akiwa na nguo iliyochanika mniletee.

Na sasa, kabla ya yeyote kutoka, njooni mmoja mmoja mweke mikono juu ya meza hii ya kukatia. Nataka kuinusa mikono yenu kama ina mafuta ya taa.