Ua Lililochanua Mdomoni

Nimemdanganya binti yangu kwamba ua lake limechanua. Sikupanga. Jumapili alipiga simu kumtafuta mama yake, mama yake alikuwa anaoga, nikapokea mimi. Salamu zikaisha, nikaona kimya kinakuja, na mimi na kimya hatupatani.

"Chiriku," nikasema, "ua lako limechanua!"

"Kweli, baba?"

"Kweli tupu! Jeupe, kubwa kama sahani."

"Basi Jumamosi nakuja."

Simu ilipokatika nikageuka kuitazama hiyo okidi, ua lake la kwenye chungu. Ilikuwa pale pale kwenye meza ya sebuleni, kikonyo chake kirefu kimebeba matumba saba, yote yamefumba kama ngumi za kichanga. Nikajipa moyo. Yamenona, mpaka Jumamosi litakosa kufunguka hata moja? Uongo wenyewe mdogo, wa kuwahisha tu. Asubuhi yake nikakuta tumba la kwanza mezani, la njano, limelala chali.

Huyu Chiriku ndiye mtoto wetu wa pekee. Jina la utani nilimpa mimi, kwa jinsi alivyokuwa anasema toka macho yanafunguka mpaka yanafumba. Okidi aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na alipohamia mji mwingine kikazi akatuachia. "Mnitunzie mwanangu," akasema. Ikatoa majani, ikatoa mizizi ya kuning'inia, ua wapi! Halafu mwaka jana wakampunguza kazini. Akanipigia simu analia, na mimi, badala ya kusema pole, nikasema, "Usijali, njoo uniivishie ndizi." Ndiyo kazi yangu, nasimamia vyumba vya kuivishia ndizi kwenye ghala la matunda. Nilidhani namchekesha.

Tangu siku hiyo simu zake ni za mama yake. Kazi nyingine alipata, ila nyumbani hakanyagi. Akibembelezwa, jibu lake ni moja: "Nitakuja lile ua likichanua." Sawa na kusema kuku akiota meno. Na kweli kuku wetu alikuwa ameanza kuota, kikonyo kimetoka, matumba yamejaa, nami nikashindwa kumsubiri.

Basi wiki hii sijakaa kitako. Jumatatu nikasema ni kiu, nikalimwagia maji mpaka sahani ya chini ikafurika. Jioni nikasema hapana, maji yamezidi, nikayamwaga yote. Jumanne nikasema ni upepo wa dirishani, nikalihamishia chumbani. Chumbani giza, nikalirudisha sebuleni. Nikaligeuza lielekee jua, nikaligeuza lisielekee jua. Tumba la pili likaanguka mkononi mwangu, nikalitia mfukoni kama mwizi.

"Baba Chiriku," mke wangu akasema kutoka jikoni, "hilo ua unalitembeza kama mgonjwa anayetafuta daktari."

"Linapunga hewa."

"Mpaka litaomba nauli."

Yeye alikuwa na shughuli zake. Alikuwa amefua shuka za chumba cha mtoto, amesugua sakafu, ameondoa cherehani yake iliyokuwa imekihodhi kile chumba. Na alikuwa anaimba! Mwanamke yule hakuwa ameimba muda mrefu. Nikitaka kusema, wimbo unapanda, nami nanywea.

Jumatano nilipiga magoti na tochi ya simu, nikachungulia pale jani linapokutana na shina. Nikaona vitu vyeupe, kama vipande vya pamba vilivyosahaulika. Nikagusa kimoja na njiti. Kikatembea.

"Mama Chiriku! Mwizi kapatikana!"

Akaja anafuta mikono. "Mwizi gani?"

"Vidung'ata! Wanafyonza utomvu, na sisimizi wale unaowalalamikia wanafuata utamu wao. Lete pamba, lete spiriti."

"Spiriti ni ya vidonda."

"Na hiki ni nini kama si kidonda?"

Akanimulikia, nami nikamfuta mdudu mmoja mmoja kwa pamba iliyolowa spiriti, chini ya jani, juu ya jani, kwenye kila kikwapa. Kwenye kikonyo nilipita kwa ncha ya pamba tu, nisiyaunguze matumba. Nilipomaliza jasho linanitoka, nikacheza kidogo pale mezani. Mke wangu akacheka mpaka akakaa. Nikaokota ndizi kwenye kapu, nikammenyea, tukala. Likaanguka tumba la tatu katikati yetu.

Alhamisi asubuhi likaanguka la nne. Nikaliangalia kwa miwani. Safi, halina mdudu hata wa dawa.

Nikaenda kazini roho mkononi. Mchana, dereva wetu mmoja, tunayemwita Taratibu kwa kuwa hana, akaingiza boksi la waridi za harusi ya watu kwenye chumba cha ndizi.

"Wewe Taratibu! Toa hayo maua humo!"

"Mkubwa, nje jua kali. Humu si kuna ubaridi?"

"Ubaridi ndiyo, na gesi je? Ndizi ikiiva inatoa gesi. Huioni, huinusi, lakini ndiyo inayoiambia ndizi ya jirani, 'Iva na wewe.' Ua likiivuta linazeeka kabla ya siku zake. Tumba linageuka njano, linadondoka hata halijafu..."

Nikasimama hapo hapo.

"Halijafu nini, mkubwa?"

Nilikuwa naiona meza ya sebuleni kwangu. Kila jioni natoka ghalani na zile ndizi zenye madoadoa ambazo maduka hayazitaki, nazipanga kwenye kapu, na kapu linakaa katikati ya meza. Okidi, kwa kuwa ni ya heshima, nimeiweka ubavuni mwa kapu. Kila nilipoihamisha, niliirudisha pale pale. Na ukutani, juu yake kabisa, nimetundika stashahada yangu ya mambo ya kuhifadhi matunda, ndani ya kioo! Mganga hajigangi, wanasema. Huyu hata hakujipima homa.

Niliomba ruhusa, nikakimbia nyumbani. Nikanyakua kapu, nikalitoa nje ya mlango, nikafungua madirisha. Matumba mawili mengine yalikuwa chini tayari. Limebaki moja, la nchani, dogo, la kijani.

Mke wangu akatokea na mto mikononi. "Unahama?"

"Mama Chiriku, kaa. Nina neno. Hili ua halijachanua."

"Meza hii anaifuta vumbi nani?"

"Wewe."

"Sasa nisijue ua lililochanua na ambalo halijachanua?"

"Kumbe ulijua! Mbona ulikaa kimya?"

"Kwa sababu ameshakata tiketi." Akaukumbatia ule mto. "Nilisema moyoni, na aje kwa uongo, mradi aje. Halafu nikawa nakusubiri wewe useme. Hilo moja litafunguka Jumamosi?"

"Wiki ijayo, labda. Kama halitaanguka."

"Basi mwambie leo, kabla hajapanda basi. Akiingia hapa akakuta kikonyo kitupu na baba yake anachekacheka, huyo hatatia mguu hapa tena."

"Na nikimwambia, halafu asije?"

Akaupigapiga mto. "Shuka zitakaa. Shuka hazichachi."

Nilipiga, hakupokea. Nikaamua kumtumia ujumbe wa sauti. Wa kwanza nikasema ua limekwenda likizo. Nikaufuta. Wa pili nikasema ua limeona haya kwa uzuri wa mama yake, yaani Chiriku mwenyewe. Nikaufuta. Nikatoka nikasimama kwenye ngazi, nikaona kapu la ndizi linanitazama, nikarudi ndani. Wa tatu nikausema nikiwa nimefumba macho.

"Chiriku, ni baba. Ua halijachanua. Nilikudanganya, nilitaka uje. Matumba sita yameanguka, na sababu ni mimi na ndizi zangu. Limebaki moja. Na siku ile uliponipigia unalia, nilitakiwa kusema pole. Pole, mwanangu. Njoo hivyo hivyo."

Alama za kusomwa zikawa za bluu jioni ile ile. Juu pakatokea kwamba anaandika. Pakafutika. Pakatokea tena. Pakafutika.

Leo Ijumaa. Nimeikagua okidi kila mahali, vidung'ata hawajarudi, tumba liko, nami silihamishi wala siligeuzi, nalipita kwa kunyata kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Nimefagia ngazi ambazo si zamu yetu. Mke wangu ametandika kitanda, akatandua, ametandika tena. Haimbi, ila hajaninunia. Kila nikipita na simu ananyanyua macho, natikisa kichwa, anarudi kwenye foronya.

Sasa hivi nimebonyeza tena kurekodi ujumbe wa sauti, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Chiriku, mwanangu, niambie tu, kesho nije kukupokea stendi saa ngapi?"