Povu la Maji Baridi

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba kofia aliyofumiwa ilimfunika mpaka kidevuni. Daktari alisema hana ugonjwa. Anachohitaji ni maziwa na joto la kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mpaka anenepe. Mama yake alikuwa na mshono wa upasuaji, na homa juu yake. Bibi yake, mama mzaa mama, ndiye aliyembeba tangu siku ya kwanza, na mgongo ulikuwa umeanza kumlalamikia. Kifua kilichobaki kilikuwa cha baba.

Baba mwenyewe ni fundi baiskeli, mrefu na mwembamba kama waya wa gurudumu, mtaa mzima humwita Spoku. Alifika wodini mbio akitokea kazini.

"Baba, nawa mikono kwanza," nesi alimwambia mlangoni, akimwonyesha sinki.

Spoku akafungua bomba. Maji yalikuwa baridi. Akalowesha vidole, akavikung'uta, akajifuta kwenye suruali.

"Bado hujanawa."

"Sista, si umeniona?"

"Nimekuona ukivinyunyizia vidole kama unamwagilia maua. Rudi."

"Sasa maji ya baridi haya yatatoa nini? Grisi hii haitoki hata kwa maombi!"

Wanawake wawili vitandani wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kilimwingia Spoku kama msumari kwenye tairi. Akaitazama mikono yake: mistari myeusi viganjani, weusi pembeni mwa kucha. Wodi nzima ilimsikia alipojibu.

"Mikono hii ndiyo inayolisha nyumba yangu. Kama inanuka, sema!"

"Hainuki," nesi alisema. "Haijanawa."

Spoku akageuka akaondoka. Kwa mwanawe alikuwa ameona kofia tu.

Kibandani kwake alibandika sufuria la maji mpaka likatokota. Akajipaka mafuta ya taa, akachukua waya wa kusugulia masufuria, akaanza kazi. Jirani yake, fundi viatu, aliacha kushona.

"We Spoku, unajiosha au unajichuna?"

"Nitaing'arisha mpaka yule nesi avae miwani ya jua."

"Maji yanafuka moshi hayo, ndugu yangu!"

"Ndiyo yanayoua vijidudu. Vikiwekwa kwenye maji baridi si vinaogelea tu?"

Akauma meno, akatumbukiza mikono. Machozi yalimtoka, akasema ni moshi wa jiko.

Kesho yake mikono ilikuwa myekundu, imevimba, imepasuka kwenye viungo vya vidole. Aliibeba mbele yake mpaka wodini kama zawadi. Nesi aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, na uso ukambadilika.

"Umefanya nini, baba?"

"Nimenawa. Kwa maji ya moto."

"Siwezi kukupa mtoto."

"Jana nilikuwa mchafu, leo nimekuwa safi kupita kiasi? Sema tu hunitaki!"

"Ngozi nzima ni ukuta, na wewe umeutoboa. Vijidudu vinajificha kwenye mipasuko hii, na huwezi hata kupitisha sabuni hapo bila kulia."

Spoku akaishusha mikono.

"Mkwe wangu," mama mkwe aliita kutoka kitini, "njoo umwone basi. Macho hayadaiwi sabuni."

Akasogea, mikono nyuma. Ndani ya shuka, kwenye kifua cha bibi yake, palikuwa na sikio moja dogo na shavu lenye manyoya laini. Shavu lilitikisika mara moja, likatulia.

"Mgongo wangu unakusubiri, baba," mama mkwe alisema. "Mimi si kitanda."

Mke wake alimtazama mikono. "Umejichoma kwa hasira?"

"Kwa aibu," Spoku alisema, na sauti haikufika mbali.

Lakini nesi aliisikia. Akaja akasimama karibu, safari hii bila ukali.

"Aibu ya nini? Sikukukatalia kwa sababu ya weusi. Huo umeshazama kwenye ngozi, ni wa kazi yako, haumdhuru mtoto. Nilikukatalia kwa sababu hukugusa sabuni."

"Na maji baridi?"

"Maji yenye moto wa kuua vijidudu yangekubabua wewe kwanza. Sabuni na kusugua ndivyo vinavyovibandua. Maji yanavichukua tu yakaenda navyo. Yawe baridi, yawe vuguvugu, ni hayo hayo. Muhimu ukae hapo sinkini, usikimbie."

"Nikae mpaka lini?"

"Imba wimbo mfupi, bila haraka. Ukiisha, suuza."

"Mimi sijui nyimbo."

Mke wake akacheka, akishika mshono. Hakuwa amecheka tangu ajifungue. "Mwongo huyo, sista! Aliniposa kwa mashairi!"

Spoku alivumilia. Alipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, akavaa glavu za mpira kazini, na mafuta ya taa akayarudisha kwenye taa. Kila siku alikuja kumtazama mwanawe kwa macho tu, na kila siku mama mkwe alikuwa amekaa upande zaidi kwa maumivu ya mgongo. Mipasuko ikafumba. Mistari myeusi ikabaki palepale.

"Nesi hahitaji miwani tena," fundi viatu alimtania.

"Hahitaji," Spoku alikubali, akacheka naye.

Siku ilipofika, alikunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, akafungua bomba. Baridi ilimpanda mpaka mabegani. Akachukua sabuni, akaanza kwa sauti ya chini:

*Povu, panda vidoleni, gumba nalo lizungushe,*
*shuka hadi viganjani, migongo nayo ioshe,*
*ingia mpaka kuchani, taka usizibakishe,*
*mwana angoja chumbani, baba yake mfikishe.*

Wanawake wale wawili walicheka tena. Spoku hakuruka hata neno. Akasuuza, akajikausha kwa kitambaa safi, akanyoosha mikono mbele ya nesi.

Nesi akaikagua polepole, kidole kwa kidole.

"Ukucha huu mrefu. Ukate, halafu uanze upya."

Wodi nzima ikamgeukia, ikimsubiri alipuke. Spoku akapokea mkasi, akakata, akarudi sinkini. Safari hii wale wanawake walikuwa wameshashika mstari wa mwisho, wakauimba naye.

"Haya, baba," nesi alisema. "Kaa. Fungua shati."

Mtoto akatolewa kwa bibi yake akawekwa kwenye kifua cha baba yake, mwepesi kama tyubu isiyo na upepo. Spoku aliinua mkono ili amshike mgongo, akausimamisha hewani.

"Mkono bado una baridi," alinong'ona. "Atashtuka."

"Upashe moto kwanza," mke wake alisema.

Akaubana kwapani huku nesi akimshikilia mtoto, akasubiri, kisha akaushusha taratibu. Kiganja kilimfunika mtoto mgongo mzima, mistari yake myeusi juu ya ngozi ile mpya. Mtoto akajinyoosha, akatafuta mahali pa shavu, akapata.

Mama mkwe alijilaza kwenye kitanda kitupu cha jirani bila hata kuvua viatu. "Msiniamshe," alisema. "Baba yake yupo."