Kilomita Elfu Nane na Ushee

Kaka yangu alikuwa angani mama alipokata roho. Hadi leo nikiona ndege ikipita juu, nyembamba kama sindano, humwona humo ndani: kajifunika blanketi hadi kidevuni, viatu kavivua, mtu pekee duniani ambaye kwake mama alikuwa bado hai.

Asubuhi ya siku ile mama alikuwa na nguvu za kutania. Maisha yake yote ya kazi aliendesha basi la shule, na hata ugonjwa ulipomlaza hospitali, mikono yake ilikuwa bado ikikata kona juu ya shuka.

"Kutoka huko aliko mpaka hapa ni kilomita ngapi?" aliniuliza.

"Elfu nane na ushee."

Akaguna. "Mwambie rubani akanyage mafuta. Barabara yenyewe haina matuta."

Nilicheka, naye akafumba macho akitabasamu. Kila alipozinduka aliuliza kifungua mimba wake amefika wapi. Nilimwonyesha kwenye simu ramani ya safari, na kile kindege cha manjano kilichojikokota juu ya rangi ya buluu. "Bado yuko baharini, mama."

Mchana alikitazama kwa muda mrefu. "Mwache aje taratibu," akasema. Hakuuliza tena.

Mama mdogo ndiye aliyeniinua pale kitandani. "Nenda kamlaki kaka yako. Haya mengine tuachie sisi."

Uwanjani nilinawa uso chooni, nikajizoeza mbele ya kioo: Kaka, mama ametutoka. Kila niliposema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Akatoka akiburuta sanduku, amenenepa, shingo kainyoosha kunitafuta. Alinikumbatia kwa nguvu, na kabla sijafungua kinywa akaanza: jirani yake kwenye ndege alikoroma tangu kupaa mpaka kutua, tena mkoromo wa ngazi mbili, wa kupanda na wa kushuka. "Nitamwigizia mama, atavunjika mbavu." Akauigiza palepale, watu wakageuka. Nilimwacha amalize. Alipotaka kurudia, nikamwacha arudie.

Kisha akanitazama vizuri. Kicheko kikamkauka.

"Lini?"

"Ukiwa juu."

Hakulia. Alikaa juu ya sanduku lake katikati ya njia, abiria wakitupita huku na huku.

"Walileta chakula, nikala," alisema. "Nikala chote. Halafu nikalala."

Niliweka mkono kisogoni pake, palipokuwa na joto la kiti alichotoka kukilalia.

Bibi mmoja aliyekuwa akisukuma kitoroli cha mizigo akasimama nyuma yetu. "Wanangu, naomba njia."

Kaka akainuka upesi, akavuta sanduku pembeni.

"Samahani, mama," alimwambia.

Neno lilimtoka kwa mazoea tu. Nilimwona akilisikia.