Gia ya Kwanza Kabla ya Wakati

Kila asubuhi, baada ya chai na mkate wa kuchovya kwenye mafuta ya zeituni, baba alitoa pikipiki uani, nami nikafunga trei za mayai nyuma yake. Trei nane, mpira mara mbili, blanketi kuukuu juu. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nikiwa na miaka kumi, na hata niliporudi kutoka chuoni Agadir na cheti changu cha maabara, sikuiacha. Asubuhi ile nilikuwa navuta mpira mara ya pili baba aliposema, bila kugeuka, "Acha kwanza, Ijja. Niitie Hnia. Mwambie avae suruali chini ya kanzu."

Hnia ni wifi yangu. Kaka Mbarek alimwoa miti ya mlozi ilipochanua, kisha akarudi Casablanca kwenye kazi yake ya ujenzi.

"Anakwenda wapi?" niliuliza.

"Haendi popote. Anajifunza. Vidole vyangu havishiki klachi tena, na wenye maduka hapa Tiznit hawatanisubiri nipone."

Nilikwenda kumwita.

Kutoka juu ya paa, ninapoanika nguo, uwanja wa nyuma ya kinu cha zeituni unaonekana wote. Niliwaona. Sauti ya baba ilinifikia vizuri kuliko nilivyotaka.

"Punguza mafuta. Breki zote mbili, taratibu, kama unamlaza mtoto. Klachi. Shuka gia ya tatu. Achia klachi polepole, polepole, bibie! Umesikia injini inavyovuta? Sasa ya pili. Ya kwanza isubiri mpaka gurudumu liwe karibu kusimama. Mguu wa kushoto chini. Eeh! Hapo hata yai la njiwa lingepona."

Hnia alicheka. Baba naye akacheka, kicheko ambacho nyumbani tulikisikia siku za sikukuu tu.

Hayo yote niliyajua. Sikuwahi kuishika ile pikipiki, lakini kwa miaka kumi na tatu nilimsikiliza baba akirudi: ya nne kwenye lango la mji, ya tatu penye kisima, ya pili kwa mshonaji, ya kwanza mlangoni, kisha kimya. Sikuwahi kumwomba anifundishe. Nilidhani mtu anayefunga mizigo ya baba yake miaka yote hiyo haombi. Anaonekana tu.

Ijumaa, tukiwa tumezunguka sahani ya kuskusi, baba aliigawa nyama kama kawaida yake. Kipande kilichonona, ambacho huwa anakisukuma upande wangu, kilikwenda kwa Hnia.

"Kula, dereva."

Nilikula maboga.

Jioni Hnia alinifuata jikoni, akaniegemea begani. "Wifi, wewe una masikio makali. Hebu niambie, ile ya kwanza naingiza lini hasa? Nikingoja nachanganyikiwa, na kesho ndiyo natoka na mzigo."

Ningeweza kusema ukweli kwa maneno manne. Nilikuwa nasugua sufuria, sikumtazama.

"Ukiliona duka tu, shuka moja kwa moja mpaka ya kwanza, uachie klachi. Unakuwa umemaliza mapema."

"Mungu akuweke," alisema, akanibusu kichwani.

Asubuhi nilifunga trei kwa nguvu kuliko siku zote. Hnia aliondoka, baba akisimama mlangoni. Duka la kwanza, la Bella, liko mwisho wa mtaa wetu. Nilisikia ya tatu. Kisha injini ikapiga yowe, gurudumu la nyuma likaburuta mchangani, na kitu kikaanguka.

Tulikimbia. Hnia alikuwa amekaa chini, kiwiko kinavuja damu, na kiini cha yai kinatiririka hadi kwenye kizingiti cha duka.

"Haji Bihi, leo mmeniletea kimanda kabisa?" Bella alimwambia baba, kisha alipoiona damu akakimbilia ndani kutafuta kitambaa.

Baba alipiga magoti. "Umeingiza ya kwanza kwenye mwendo ule? Nani alikufundisha hivyo? Mimi?"

Hnia alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kisha akainamisha macho. "Nimesahau, baba. Uzembe wangu."

"Hapana. Kosa ni langu, nimekuharakisha." Alijaribu kuinua pikipiki. Vidole vyake vikateleza kwenye usukani, mara ya kwanza, mara ya pili. "Basi. Alhamisi naipeleka sokoni, anayeitaka aichukue."

"Asikudanganye," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Hakusahau. Mimi ndiye niliyemwambia afanye vile. Nilijua ataanguka."

Baba aligeuka, mikono imejaa ute wa mayai. "Wewe, Ijja? Amekukosea nini huyu?"

"Hajanikosea kitu."

"Sasa kwa nini?"

Bella alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. Majirani walishaanza kutoka. Kwa kawaida, mbele ya watu wote wale, ningeuficha uso kwenye mtandio nikanyamaza.

"Kwa sababu nilitaka uniite mimi, baba. Tangu nikiwa mdogo. Nilitaka unifundishe mimi."