Kifurushi cha Megan wa Darajani

Kifurushi kilikuwa kwenye rafu ya juu, nyuma ya kichwa cha Nesta, kimefungwa kwa kamba ya katani na kupigwa lakiri nyekundu. Megan alikiona vizuri kutoka aliposimama. Kama kaunta ya posta ingekuwa nyembamba kidogo, angenyoosha mkono akachukua chake na kwenda zake.

"Kitambulisho, Megan," Nesta alisema.

"Kitambulisho cha nini?"

"Chako. Mzigo wa rejista sitoi bila kuandika namba."

Megan alidhani anataniwa. Yeye na Nesta walikaa dawati moja tangu wakiwa na miaka mitano. Mtoto wa pili wa Nesta alizaliwa mikononi mwa Megan, theluji ilipomfungia mkunga upande wa pili wa mlima. Na ni jana tu, baada ya mazoezi ya kwaya, Nesta huyu huyu alimvuta kando akamnong'oneza: "Kuna mzigo wako posta. Umetoka Italia."

Huko Italia Megan hakuwa na mtu ila mmoja, na huyo alikuwa chini ya udongo. Gethin, mwanawe wa pekee, aliuawa huko mwaka wa arobaini na nne. Jeshi lilimletea mama simu ya maandishi, mistari mitatu, basi. Haikuja kofia, haikuja saa, hata kifungo cha koti hakikuja. Sasa ni mwaka wa hamsini, na kitu kimetoka Italia kikiwa na uzito na kamba, nacho kiko hatua mbili kutoka kwake.

"Nesta, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, ndiyo."

"Basi nipe."

"Kukujua kwangu hakutoshi. Mkaguzi alikuja mwezi wa tatu, akakuta nimetoa mizigo kumi na mmoja kwa kuangalia sura tu. Kanambia nikirudia tena kazi sina. Na hali ya Alun unaijua."

Aliijua. Alun, mume wa Nesta, alikuwa amerudi kutoka mgodini na mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, na mwaka wa nne huu hajainua hata ndoo. Ndiyo maana siku hiyo ya kwanza Megan hakupiga kelele. Aligeuka akatoka.

Kitambulisho alikuwa nacho. Kilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la chai, tangu siku aliyoapa kwamba hatakionyesha tena kwa mtu yeyote.

Kilipokuja, kilikuja kwa ajili ya vita. Karani wa kuandikisha watu aliketi jikoni kwake mwaka wa thelathini na tisa, akanywa chai yake, akala keki yake ya zabibu, akasema: "Ni cha wakati wa vita tu, mama. Vita vikiisha, utakiwashia moto." Bonde zima la Cwmhelygen, huko Wales, likaandikishwa. Gethin alipoitwa jeshini, alidaiwa akirudishe chake, akacheka: "Mama, leo mimi si mtu tena." Akamwachia busu la shavuni na nguo za kufua.

Vita vikaisha. Kengele zikapigwa, watu wakacheza barabarani, na hakuna aliyekuja kusema washeni moto. Kile kikaratasi kikabaki, tena kikatafutiwa kazi. Kwanza chakula cha mgao, halafu posta, halafu polisi. Mwaka jana Emrys, konstebo wa kijiji, alimsimamisha Ifor, kaka yake Megan, kwa sababu ya baiskeli iliyoegemezwa kwenye ukuta wa kilabu cha pombe, akamdai kitambulisho. Emrys! Aliyefundishwa kuendesha baiskeli na Ifor mwenyewe! Siku hiyo Megan alisimama mbele ya kwaya nzima akaapa kutokionyesha chake tena, akasema kwamba yeye hajatenda kosa lolote, na mtu asiye na kosa hadaiwi kueleza yeye ni nani katika nchi aliyozaliwa. Wengine walipiga makofi. Wengine walitazama viatu vyao.

Wiki ya kwanza aliandika barua kwa wakubwa wa mji mkuu. Aliandika kwa wino mzuri, kurasa mbili, akaeleza habari za Gethin, za ahadi ya karani, na za Nesta aliyezuiwa kumjua rafiki yake. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni, halafu akamsomea Ifor kwa sauti.

"'Tafadhali taja namba ya kitambulisho chako ili malalamiko yako yapate kushughulikiwa.'"

Ifor alicheka hadi akakohoa. Megan hakucheka hata kidogo.

"Onyesha tu yaishe, dada," Ifor alisema alipopata pumzi. "Kijikaratasi chenyewe kama cha kusokotea tumbaku. Kama huna unachoficha—"

"Chumbani kwako una mapazia, Ifor?"

"Ninayo."

"Unaficha maiti?"

"Aa, hilo nalo!"

"Basi nami naficha jina langu. Ni langu. Nikitaka nitalitoa, nisipotaka sitoi."

"Na kifurushi je?"

Megan aliikunja ile barua akaitia mfukoni. Kila usiku alikifungua kile kifurushi kichwani mwake. Mara kilikuwa na kile kinanda cha mdomo cha Gethin, mara sweta ya kijivu aliyomfumia, mara barua. Mchana alikuwa shujaa wa uhuru, na akizima taa alikuwa mama tu. Alijichukia kwa yote mawili.

Wiki ya pili alimwendea Emrys kituoni, akamwomba aende naye posta akamthibitishe. Konstebo alijikuna shingo.

"Naweza kuja, Bibi Megan. Ila na mimi itanibidi nikuulize kitambulisho kwanza."

"Wewe nimekupaka dawa ya upele ukiwa uchi bafuni kwangu, Emrys."

"Najua, mama. Utaratibu ndio huo."

Alirudi nyumbani akipiga mateke mawe ya njia, mwanamke wa miaka hamsini na nane. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya, hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angekuwepo mtu mbaya, angemtukana akapumua. Lakini wote walikuwa watu wazuri wenye haya, na kila mmoja alinyoosha kidole kwa mwingine aliye juu yake, na yule wa juu kabisa alitaka namba.

Ijumaa ya wiki ya tatu Nesta alimpitia nyumbani. Hakuingia ndani.

"Kesho saa sita gari la posta linakuja. Siku za kuweka mzigo zimekwisha, kinarudi Italia. Megan, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Usinipigie magoti. Nipe kifurushi changu."

Nesta aliondoka analia, na Megan akafunga mlango kwa kishindo hadi vikombe vikalia kabatini.

Asubuhi alifungua kopo la chai. Kitambulisho kilinuka majani. Alikitia mfukoni bila kukitazama, akavuka daraja lililo mbele ya nyumba yake, akashuka posta. Kulikuwa na watu watano kwenye foleni. Wakampisha. Aibu ya kupishwa ilimchoma kuliko kama wangemcheka.

Akakiweka kaunta. "Haya. Umeshinda."

"Sijashinda mimi," Nesta alisema kwa sauti ndogo. Alichovya kalamu, akaandika tarehe, akafungua kitambulisho. "Margaret Ann Jones." Akapanda kiti, akateremsha kifurushi, akakigeuza ili alinganishe majina.

Akaisoma anwani mara mbili.

"Kuna nini tena?" Megan aliuliza.

Nesta alikisukuma kidogo ili naye asome. Ulikuwa mwandiko mnene wa mtu asiyezoea kalamu, wa mama fulani wa Kiitalia aliyejiandika nyuma kwa jina la Assunta. Mbele aliandika hivi: Megan wa Darajani, Cwmhelygen, Wales.

Bonde lile lilikuwa na akina Margaret Jones tisa. Ndiyo maana hakuna aliyeitwa hivyo. Wiki tatu Nesta alikuwa amekisoma kifurushi kile, na haikumpitia akilini kwamba Megan wa Darajani si jina la serikali. Megan mwenyewe asingelifikiria. Gethin ndiye aliyemtajia yule mama wa Kiitalia, na kinywani mwa Gethin mama yake hakuwa na jina jingine.

"Hayalingani," Nesta alisema. "Kitambulisho hiki si cha mwenye mzigo huu."

"Jamani, si ndiye huyu!" mtu alisema kwenye foleni. "Megan wa Darajani nani asiyemjua?"

"Msinisaidie sasa!" Megan aligeuka, sauti imempasuka. "Mbona mmenyamaza wiki tatu? Si karatasi ndiyo inayojua? Iulizeni karatasi! Mwanangu kanitaja kwa jina langu huko alikofia, na hapa kwetu halina kazi!"

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi.

Nesta alikifunga kitambulisho, akamrudishia. Akalivuta daftari la mkaguzi. Kwenye safu ya jina aliandika Megan wa Darajani, herufi kwa herufi. Kwenye safu ya namba kalamu ilisita, tone la wino likaanguka. Kisha akaandika: Namjua.

Akatia sahihi, akakisukuma kifurushi kwa mikono miwili.

Megan alikikumbatia kifuani, kamba ikimkwaruza kidevu. Alilitazama lile daftari kwa muda. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na lingeweza kuandikwa wiki tatu zilizopita.